Wanawake Walioanika Asumini

Sikujua kwamba mimi ni maskini mpaka walipokuja watu kutoka bara kunisaidia. Nilijua kwamba sina pesa, hilo hata paka wa mtaa wetu wa Kibokoni, Mombasa, walilijua. Lakini maskini, kwa fikra zangu za wakati huo, alikuwa ni mtu mwingine, wa mtaa mwingine, na mimi nilikuwa mmoja wa wale wanaomsikitikia.

Ilikuwa miaka ya vita vikuu vya pili. Mchele ulikuwa umepotea madukani, na tulikuwa tukila sima ya unga wa manjano ambao mama yangu aliuita chakula cha kuku, kisha akaongeza mchuzi. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia kwa homa, nami nikabaki na mama katika vyumba viwili vya chini vyenye ua mdogo nyuma. Macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu, hakuona zaidi ya kivuli cha mtu mlangoni. Masikio na ulimi wake, lakini, vilikuwa vizima kupita kiasi.

Nilikuwa na kaka mmoja, mwenye duka Malindi. Tangu nilipotoka eda, kila msafiri aliyetoka huko alinifikishia maneno yake: nifunge vyumba, nimchukue mama, twende tukakae kwake. Kaka yangu hana ubaya. Ubaya ulikuwa kwa wifi. Niliwahi kukaa kwake Ramadhani moja, na hata kuteleka birika la chai ilinibidi niombe ruhusa. Nilikataa kwa maneno mazuri, nikakataa tena kwa maneno yasiyo mazuri sana, na kaka kila mara alijibu jambo lile lile: mwanamke peke yake mjini, ana nani? Mwisho akatuma kusema kwamba atakuja mwenyewe, mwezi utakapoandama, kutuchukua.

Mimi nilikuwa na silaha moja tu, nayo ni asumini. Nilikuwa nikitunga vikuba, vile vishada vya kunukia vya kujipamba, nikiwauzia wanawake wa mtaani, kazi ya vijisenti, na watu walikuwa wakisema mkono wangu ni mwepesi. Basi mwezi huo wa Rajabu, msimu wa harusi, nyumba moja kubwa ya karibu na bandari ya zamani ilikuwa inamwoza binti. Fundi aliyekuwa akitunga asumini za harusi zote kubwa alikuwa ameshazeeka, vidole vimemkataa. Mama wa bibi harusi akaniita mimi. Nitunge taji la kichwa, mkufu wa shingo na mashada ya kitandani. Kazi ile ikipendeza, msimu mzima ni wangu, na kaka atarudi Malindi peke yake. Isipopendeza, nitakwenda kuomba ruhusa ya kuteleka birika mpaka mwisho wa maisha yangu.

Kwa asiyejua kazi hii, nieleze kidogo. Asumini ya harusi hutungwa ikiwa bado tumba, imefumba. Huchumwa mapema, ikatandazwa kwenye ungo juu ya majani ya mgomba, ikafunikwa kitambaa kibichi na kuwekwa kivulini. Inangoja hivyo kutwa. Baada ya magharibi huchanua yenyewe, ikiwa tayari iko kichwani mwa bibi harusi, na hapo ndipo harufu inapotoka ikajaza nyumba. Ikichanua mchana, kazi imeharibika, maana jioni itakuwa na rangi ya chai.

Siku ya harusi niliamka kabla ya adhana. Asumini yangu ililetwa kutoka mashamba ya ng'ambo, nyungo tatu zimejaa, tumba nene, nyeupe, zenye kijani kidogo shingoni. Nikazifunika vizuri kwenye pembe ya ua isiyopata jua, nikamwambia mama asiruhusu kuku wala mtoto kusogea. Ndipo nikasikia hodi.

Walikuwa wanawake wanne, wamefunga vitambaa vyeupe kichwani na kuvaa viatu vya kufunika vidole katika joto lile. Kiongozi wao alikuwa mama mnene wa makamo, ana mwavuli mkononi na uso wa mtu ambaye hajawahi kuogopa kazi. Wa mwisho alikuwa msichana mwembamba, mwenye macho makubwa, aliyekuwa akitazama kila kitu. Walikuwa Wakristo wa milimani huko bara, kanisa lao limewaleta kwa treni kuwahudumia watu wenye shida, nao walikuwa wamefikia Tononoka kwa jamaa zao wanaofanya kazi reli. Walikuwa wamekwenda kuwaona wagonjwa hospitalini, wamekwenda kwenye vyumba vya wachukuzi nyuma ya Mwembe Tayari, na leo walikuwa wameingia mjini kwetu kutafuta wajane. Walitafuta wajane kama mtu anavyotafuta kuku waliopotea, mlango kwa mlango. Muuza kahawa wa barazani ndiye aliyewaelekeza kwangu.

"Amani iwe katika nyumba hii," alisema kiongozi.

"Na iwe kwenu," mama akaitikia kutoka ndani. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, akasema, "Hii ni salamu yetu. Imevaa viatu tu."

"Mama mjane," kiongozi akaniambia, ingawa kwa umri angeweza kunizaa, "tumekuja kukuhudumia. Tumeambiwa wewe ni maskini."

"Mumeambiwa na nani?"

"Na yule mzee wa kahawa pale."

Nilitazama barazani. Mzee wa kahawa alikuwa ameshapata kitu cha kutazama angani. Nilikuwa na neno kali kwenye ncha ya ulimi, lakini mgeni akishafika mlangoni harudishwi, na mama alikuwa ameshaanza kuwakaribisha. Wakaingia, wakatoa mizigo yao: mche wa sabuni, maharagwe kwenye mfuko wa kitambaa, na blanketi. Blanketi zito la sufu, la watu wanaolala kwenye umande. Mombasa! Mimi hata leso nilikuwa nikiitupa kwa mateke kabla ya usiku kukatika. Mama alilipapasa, akalisifu sana, akalikunja akalikalia.

Kiongozi akaomba ruhusa ya kutuombea. Nilimtazama mama.

"Waache waombe," mama akasema. "Dua haikatazwi, na Mwenye kusikia ni Mmoja."

Wakafumba macho. Yule mama akamwomba Mungu anifute machozi, nami sikuwa na machozi yoyote, nilikuwa nikiwaza uzi na sindano. Lakini alipofika kumtaja mume wangu, asiyemjua hata kwa sura, akamwombea alale salama, niligeukia ukutani. Mtaani kwetu watu walikuwa wameacha kumtaja mbele yangu. Nilikasirika, nikajifanya napiga chafya.

Mara nikaitwa kwenye nyumba ya harusi, nikapime kichwa cha bibi harusi. Wageni wakauliza wafanye kazi gani.

"Pumzikeni tu," niliwaambia, kwa adabu. "Nyinyi ni wageni."

Watu wa milimani hawajui kupumzika. Nilipotoka tu, walifagia ua, wakaosha masufuria mpaka yakang'aa, wakateka maji wakajaza mitungi. Mama, kwa raha ya blanketi, akasinzia. Kisha mmoja akakifunua kile kitambaa kibichi.

Kiongozi alinieleza baadaye, na nilipomsikiliza niliona kwamba kwa desturi za kwao alikuwa na haki. Kwao, mavuno yakilowa huoza. Maharagwe yakifunikwa na maji hufanya ukungu, na mwanamke anayeacha mavuno mabichi kivulini huambiwa mvivu. Wakanionea huruma. Wakasema masikini, mjane huyu ana majonzi, amesahau vitu vyake. Wakatandaza jamvi katikati ya ua, pale jua linapopiga sawasawa, wakamwaga nyungo zote tatu, wakakaa wakizigeuza kwa viganja huku wakiimba.

Niliusikia wimbo wao tangu kichochoroni. Ulikuwa wimbo mzuri, na yule msichana mwembamba alikuwa na sauti ya kumfanya mtu asimame. Nakumbuka nilifurahi, nikasema moyoni kumbe si watu wabaya. Nikaingia uani.

Nilipiga ukelele uliowainua watu wa barazani. Asumini zilizokuwa na nguvu zilikuwa zimechanua zote, na nyingine zilikuwa zimelegea na kuungua kingo. Nikasema mambo. Nimewahi kugombana na watu wengi maishani, lakini maneno niliyoyasema siku ile bado nayaona ni miongoni mwa maneno yangu bora. Nikawaeleza asumini ni nini, harusi ni nini, na kaka yangu ni nani, na wifi, na birika. Wao walisimama wakipokea yote. Yule msichana akaokota ua moja, likalala kiganjani mwake kama kitambaa, naye akaanza kulia. Kiongozi hakujitetea. Alikaa chini, kwenye mchanga, na gauni lake jeupe.

"Dada," akasema, mara hii si mama mjane, "tumekuja kukusaidia, tumekumaliza."

 Mara mama akaanza kucheka.

"Wameianika!" alisema, akijifuta macho yasiyoona. "Wameianika asumini! Wameianika kama maharagwe!"

Nilimgeukia nikiwa tayari kumkasirikia na yeye pia, lakini nilipoliona lile jamvi, na maua ya harusi yametandazwa na kusawazishwa vizuri kwa kiganja, kwa bidii na mapenzi, kicheko kilinishika mbavu. Nilicheka nikilia. Wageni wakatutazama kwa hofu, wakidhani wametutia wazimu.

"Haya basi," mama akasema alipopata pumzi. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Adhuhuri haijaadhiniwa, na asumini imejaa mji mzima."

Ilikuwa kweli. Hakuna ua Kibokoni usio na mti wake wa asumini. Lakini zile ni za wanawake wa nyumba yenyewe, nao pia walikuwa wakienda harusini na walizitaka kwa nywele zao. Kuzipata ni lazima ubishe, uombe. Na mimi tangu nifiwe nilikuwa siombi kitu kwa mtu. Nilikuwa nikipita kwenye milango ya majirani kwa salamu fupi, narudi kwangu najifungia. Nilichelea mtu aseme kaka ana haki, yule peke yake hawezi.

"Kuomba?" kiongozi alisema, akainuka na kujikung'uta mchanga. "Mbona kuomba ndiyo kazi yetu! Tangu tumeshuka kwenye treni hatufanyi jingine ila kubisha milango."

Wakachukua nyungo, wakatoka wote wanne. Mimi nikabaki nimekaa.

"Wanawake wa bara wende kuomba asumini Kibokoni," mama akasema, "na mwenyeji amekaa kitako? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vaa buibui."

Niliwakuta kwenye mlango wa kwanza, na nilivyowakuta nilitamani ardhi inimeze. Kiongozi alikuwa akipaza sauti kuelekea dirishani: "Amani iwe katika nyumba hii! Tunaomba maua kwa ajili ya mjane maskini!"

"Usiseme mjane!" nilimnong'oneza. "Wala maskini!"

"Niseme nani?"

Nilifikiri kidogo. "Sema fundi."

"Tunaomba maua kwa ajili ya fundi!" akatangaza, kwa sauti kubwa zaidi.

Mlango ukafunguliwa. Jirani yangu yule tulikuwa tukishirikiana kila kitu zamani, hata ungo na kinu, na sasa tulikuwa hatujakaa pamoja tangu hitima. Alitazama vile vitambaa vyeupe vinne, kisha akaniona mimi nyuma. Wageni nao wakanigeukia. Hapakuwa na pa kujificha.

"Naomba asumini," nikasema.

 Alimpokonya kiongozi ungo mikononi, akaenda uani kwake, akaanza kuchuma mwenyewe, haraka haraka, na mgongo wake umenielekea.

"Mwaka mzima nangoja ubishe mlango huu," akasema bila ya kugeuka. "Hata kaa la moto hukuja kuomba. Nikasema pengine tumekukosa. Kila siku namuuliza mume wangu, tumemkosa nini?"

Nilidhani nimekuwa nikiwapunguzia mzigo. Nilisimama pale nikiona aibu na raha pamoja, na kiongozi, ambaye hakuelewa nusu ya maneno, alinipigapiga begani kwa mkono wake mzito.

Baada ya hapo mambo yalitutangulia. Jirani yule alipanda darini akawapigia kelele wa upande wa pili, na wa upande wa pili wakawapasha wengine. Tulipofika kwenye vichochoro vya mbele, vikapu vilikuwa vimeshaanza kuteremshwa kwa kamba kutoka madirishani. "Enyi waanikaji!" wanawake waliita. "Chukueni na hizi, msizipeleke juani!" Msichana mwembamba akaimba kwenye kila mlango kwa shukurani, na kutoka juu akajibiwa kwa vigelegele. Nyimbo za kanisa na vigelegele vya Kibokoni, mchana kweupe, na watu wa barazani wamesimama hawajui waitikie nini. Hata mzee wa kahawa alileta tumba zake kwenye sinia la vikombe. Nilimsamehe nusu.

Tulirudi nyungo zimefurika. Majirani watatu wakaja nyuma yetu na sindano zao bila ya kualikwa, wakakaa kwenye jamvi lile lile, sasa kivulini. Msichana mwembamba, ambaye kwao alikuwa akisuka vikapu, alitazama mara moja tu, kisha vidole vyake vikakimbia kuliko vyangu. Kiongozi alivunja sindano, akavunja ya pili, mama akamwomba kwa heshima zote akae akinyunyizia maji vitambaa. Aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu, na kila jua liliposogea alisogeza nyungo kwa hofu kama mtu anayehamisha watoto. Tulicheka mpaka alasiri.

Nilipoifikisha kazi, mama wa bibi harusi aliinua kitambaa akaziinamia. Tumba zilikuwa za kila aina, nene na nyembamba, na harufu ilikuwa imeanza kunyemelea.

"Hii ni ya shamba la nani?" akauliza.

"Ya Kibokoni yote," nikamjibu.

Alikuwa ameshasikia. Habari ilikuwa imefika kabla yangu, na wanawake wa nyumba ile walikuwa wakicheka tangu adhuhuri. Akasema waanikaji waletwe. Basi wageni wangu wakaingizwa miongoni mwa wanawake, wakakalishwa kwenye mkeka mzuri, wakapewa halua na kahawa, vitambaa vyao vyeupe kati ya leso za kila rangi. Bibi harusi alitolewa baada ya magharibi. Na asumini zikafunguka. Hazikufunguka kwa pamoja, moja hapa, nyingine pale, mpaka chumba kizima kikanukia na mazungumzo yakapungua yenyewe.

"Kumbe," kiongozi akasema, amefumba macho. "Kumbe zilikuwa zinangoja."

Machozi yalikuwa yakimtiririka. Akaniambia kwamba tangu afike Mombasa amelia kila siku kwa shida alizoziona, na leo analia kwa jambo jingine, hajui hata aliite nini. Nikamwambia alie tu, lakini alie mbali na maua. Akacheka, akanishika mkono, nami nikauacha mkono wangu ndani ya mkono wake mpaka ngoma ilipoanza. Nilifurahi siku ile kwa namna ambayo nilikuwa nimeshaisahau. Mume wangu alikuwa hayupo, na nilifurahi, na sikuona kwamba nimemwibia.

Waliondoka kesho yake kwa treni. Sikuwaona tena.

Kaka alikuja mwezi ulipoandama, kama alivyosema. Alikuja na mkokoteni wa mizigo, akausimamisha mbele ya mlango, akasimama kichochoroni kwa sababu alikuwa na haraka.

"Funga mizigo," aliniambia. "Tumeshazungumza vya kutosha. Hapa mjini una nani?"

Nilikuwa na majibu yangu tayari. Nilikuwa nimeyapanga kwa siku nyingi, makali yote: asumini, msimu wa harusi, nyumba mbili nyingine zilizokuwa zimeshaniagiza. Nilifungua kinywa. Kabla sijatamka, dirisha la juu likafunguka kwa kishindo.

"Ana mimi!" jirani yangu akapiga kelele.

"Na mimi!" ikaja sauti ya nyumba ya kuelekeana, na mkono uliotapakaa unga ukachungulia pamoja nayo. Dirisha jingine likafunguka, na jingine, sauti nyingine sikujua hata ni za nani. Na kutoka barazani, bila ya kuulizwa na mtu, mzee wa kahawa akasema, "Na mimi, ingawa haniamkii."

Kaka alitazama juu, akatazama chini, akautazama mkokoteni wake. Mimi yale maneno makali yote hayakutoka hata moja. Nilijifunika uso kwa leso nikalia, mbele ya kaka yangu na mbele ya mtaa mzima, na sikumwonea haya mtu.